Breki Shuu za Kaka Masanja

Tangu nirudi Songwa, watu wameniuliza habari za mkono wangu kuliko walivyonisalimia. Nimesimulia dukani, nimesimulia kanisani, nimesimulia zizini nikiwa nimeshika sindano ya chanjo kwa mkono mmoja, na kila mara nasimulia nusu tu kwa sababu kuna kazi inasubiri. Wenzangu wa kwaya mmeomba niandike yote mara moja. Haya, nimeandika. Maandalizi, nauli, ruhusa ya kazini na mambo ya polisi nayaruka, hayana ladha.

Kwa asiyenijua: mimi ni Veronika, Mama Kulwa, afisa mifugo wa kata. Pikipiki yangu naiendesha mwenyewe, huu mwaka wa tisa. Kaka yangu Masanja anaishi Katoro, ana duka la spea za pikipiki, na mwezi wa tano alikuwa anafanya jubilei ya miaka ishirini na tano ya ndoa yake. Alinipigia simu akasema, "Njoo na piki yako, nataka niione kama bado inatembea." Halafu, kabla sijajibu, akasema amenitumia zawadi kwa basi.

Zawadi ilikuwa boksi. Ndani mlikuwa na cheni mpya na sproketi zake, na breki shuu za nyuma, zimefungwa kwenye karatasi ya plastiki inayong'aa. Nilifurahi sana. Nilimpelekea fundi wetu, Shabani, anifungie.

Shabani aliishika ile breki shuu, akaigeuzageuza, akaikwaruza ukingo kwa ukucha.

"Mama Kulwa, hizi umenunua wapi?"

"Sijanunua. Kaka yangu amenitumia, ana duka Katoro."

"Ahaa." Akaziweka chini. "Zako za zamani hazijaisha sana, lakini. Unaweza kuzitumia mpaka huko na kurudi."

"Fundi, mtu amekutumia zawadi, halafu uende kwake hujaifunga?"

Shabani akachukua spana. Alifunga. Lakini zile za zamani alizifuta vumbi akanipa kwenye mfuko, nami nikaziacha nyumbani juu ya kabati. Hilo kosa ni langu, nalitaja mapema ili msije mkambebesha mtu mwingine.

Songwa hadi Tinde

Niliondoka asubuhi nikiwa nimefunga nyuma kilo thelathini za mchele wa kwetu, nimevaa buti zangu za kazini na koti la mvua kwa ajili ya upepo. Hadi Shinyanga mjini hakuna la kusimulia. Barabara ilikuwa nzuri, piki ilikuwa nyepesi, na kila nilipokanyaga breki ilishika kwa nguvu kuliko zamani. Nilimsifu kaka kwa sauti, peke yangu, ndani ya helmeti.

Nilipokaribia Tinde cheni ilianza kugonga. Mwanzoni nilidhani ni kamba ya mchele inapiga mahali. Nikasimama, nikaangalia, nikakuta cheni imening'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Cheni ya siku mbili.

Pale Tinde kuna mama anauza michembe ya viazi vitamu na karanga kando ya kijiwe cha mafundi. Nilikaa kwake wakati fundi anakaza. Wale mafundi walikuwa wawili, na wote waliongea na mzee mmoja aliyekuwa amekaa karibu yangu akila michembe yake, kana kwamba piki ni yake na mimi ni mzigo aliobeba.

"Mzee, hii cheni yako ni ya muda gani?"

Mzee akatazama piki, akanitazama mimi. "Sijui," alisema kwa utulivu. "Ngoja nimuulize huyu." Akanigeukia. "Mwangaluka, mama. Cheni yetu ni ya muda gani?"

"Mwangaluka, baba. Ni ya juzi."

"Ya juzi," mzee akawaambia mafundi, na akaendelea kutafsiri hivyo mpaka kazi ikaisha, mimi nikisema Kiswahili na yeye akirudia Kiswahili kilekile. Tulipoagana ndipo wale mafundi walipomwona amebaki kwenye benchi na mimi nimepanda piki. Mmoja aliuliza, "Mzee, anakuacha?" Sikusikia alichojibiwa, lakini nilisikia kicheko.

Kabla sijawasha, fundi yule mkubwa alinionyesha alama za kukazia kwenye uma wa nyuma. "Nimeivuta karibu mwisho. Ikilegea tena, hakuna pa kuivuta. Hiki chuma ni laini, mama. Kinatanuka."

Tinde hadi Kahama

Ililegea tena kabla ya Isaka. Kutoka hapo nilienda mwendo wa kutembeza ng'ombe. Malori ya kwenda Rwanda yalinipita yakinimwagia upepo na vumbi, na wanafunzi wenye baiskeli walinipita wakinisalimia shikamoo. Nilipita mlima wa vifusi wa Buzwagi jua likiwa bado juu, nikaingia Kahama nikiwa na njaa na hasira kidogo, sijui juu ya nani.

Niliamua kubadilisha cheni. Duka nililoelekezwa lilikuwa la dada mmoja mwenye ushungi wa kijani, anayejibu maswali kwa vitendo. Nilipomwambia nataka cheni imara, aliweka maboksi mawili juu ya kaunta. Rangi moja, picha moja, hata maandishi yaleyale.

"Shika yote mawili," alisema.

Nilishika. La kulia lilikuwa zito zaidi, kwa mbali.

"Zito ndiyo yenyewe. Jepesi ni la wanaotaka kujifariji. Nauza yote, sikufichi. Ila mtu akiniuliza namwambia."

Nilichukua lile zito, fundi wake akafunga palepale. Alipokuwa anarudisha tairi alichungulia ndani ya habu, kitovu cha gurudumu, akamwita yule dada. Walinong'ona. Dada akaja.

"Na breki shuu zako ni mpya?"

"Mpya. Nimeletewa na kaka yangu."

"Hata cheni uliletewa na kaka yako."

Nilicheka, naye akatabasamu kidogo. Alinitolea breki shuu nyingine, akaziweka karibu na mkono wangu, hakunisukumia. Nilizitazama. Pesa nilikuwa nayo. Kilichonizuia kilikuwa kwamba jioni ya kesho yake kaka angeinama, kama anavyofanya siku zote, aangalie piki kuanzia taa hadi mkia, na angekuta nimebadilisha kila kitu alichonipa. Nikaona nimwachie kimoja.

"Breki zinashika vizuri," nikasema.

"Sawa, mama," yule dada alisema, akazirudisha juu ya rafu.

Nililala kwa rafiki yangu wa chuo, tukala wali na sato, tukaongea habari za watu waliokufa na waliooa. Asubuhi nikaendelea.

Kahama hadi Masumbwe

Kuna njia fupi ya kwenda Katoro kupitia Kakola na Geita, lakini nilikuwa nimemwahidi wifi yangu, mke wa Masanja, kwamba nitapita Ushirombo kumchukulia asali kwa mtu anayemfahamu. Kwa hiyo nilishika njia ya magharibi. Cheni mpya ilikuwa kimya kabisa. Sasa kilichoanza kulia kilikuwa breki ya nyuma: mluzi mwembamba kila nikikanyaga. Nilijiambia ni vumbi. Nikaanza kuimba ule wimbo wetu wa matoleo, sauti ya pili, na mluzi ukawa hausikiki.

Masumbwe nilisimama kunywa chai. Nilikuwa mwekundu kwa vumbi kuanzia nyusi hadi buti. Kwenye meza ya pembeni walikaa wanaume watatu wa machimbo, nao wekundu kama mimi, na mmoja wao alinitazama kwa muda mrefu kwa macho ya mtu anayemfahamu mwenzake.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba."

"Lako limetema?"

Niliinuka haraka nikaenda kuchungulia chini ya injini. Hakuna tone la oili. Nikarudi. "Halijatema," nikamwambia. "Kavu kabisa."

"Pole sana." Alitikisa kichwa, na wenzake nao wakatikisa. "Hata letu, miezi miwili sasa, ni kavu. Lipo upande gani?"

"Lipo hapo nje, karibu na mlango."

Wakatazamana. Mmoja akasema polepole, "Hapo nje? Hapa mjini?"

"Ndiyo. Nimeliegesha."

Ilichukua vikombe viwili kuelewana. Kumbe wao walikuwa wanauliza habari za duara, shimo la dhahabu. Duara likitoa mali, husema limetema. Waliniona nilivyochafuka na buti zangu wakadhani ni mwenzao. Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai, na nilipotaka kulipa nikaambiwa nimeshalipiwa, kwa ajili ya pole ya duara langu kavu.

Nawasimulia hili kwa sababu ndiyo mara ya mwisho niliyocheka katika safari ile.

Ushirombo, na kilomita kumi mbele

Asali niliipata. Mwenye asali alinikaribisha ugali wa muhogo na nsansa ya majani makavu, nikala haraka kuliko adabu inavyoruhusu, nikaondoka kama saa nane mchana. Kutoka Ushirombo niliingia kwenye barabara ya kwenda Katoro, nikafika kwenye kipande cha changarawe.

Baada ya kilomita kumi hivi kuna mteremko unaoishia kwenye kalavati, halafu njia inapanda tena. Upande wa pili wa kalavati nilimwona mzee anasukuma baiskeli yenye gunia la karanga. Alikuwa pembeni kabisa, mahali pake. Nilikanyaga breki ya nyuma kupunguza mwendo.

Nilisikia kitu kinakatika chini ya mguu wangu, mlio mdogo kama wa kuvunja kijiti. Halafu tairi la nyuma likakwama. Halikupunguza mwendo, lilisimama. Piki ikaenda kiubavu, na mzigo wa mchele ukaivuta. Sikumbuki kuanguka. Nakumbuka karanga. Zilikuwa zimetapakaa barabara nzima, na nilikuwa nimelala juu yake.

Mzee alikuwa amekaa chini, mguu wake wa kulia umepinda mahali ambapo mguu haupindi. Baiskeli ilikuwa juu ya ukuta wa kalavati, tairi la mbele limekuwa kama namba nane.

"Mama," aliniita. "Umeumia?"

Nimewahi kutukanwa na watu niliowakosea, na nimeona kutukanwa kunabebeka. Swali lile halikubebeka.

Watu walitoka mashambani. Mwanamke mmoja alipiga kelele kwamba nimelewa, mwingine akasema mwendo wangu ulikuwa wa kichaa. Walikuwa wanasema Kisumbwa na Kisukuma na Kiswahili kwa pamoja, na walikuwa wanakaribia. Mzee ndiye aliyewanyamazisha.

"Hakukimbia," alisema. "Nilisikia breki yake inalia tangu juu. Ni breki."

Kwa hiyo yeye aliisikia akiwa upande wa pili wa bonde, na mimi niliyeikalia nilikuwa naimba.

Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeanza kuvimba, lakini wa kulia ulikuwa mzima. Niliomba vijiti viwili vilivyonyooka na khanga. Mama yuleyule aliyesema nimelewa akavua yake akanipa. Nilimfunga mzee mguu kama ninavyofunga ndama, huku nikimuuliza jina ili asiutazame. Anaitwa Petro. Mtoto wake wa kwanza ni Emmanuel, yuko Dar es Salaam. Alikuwa anapeleka karanga Ushirombo.

Gari lililobeba mbao likasimama, likaturudisha.

Hospitalini daktari alitazama vile vijiti. "Nani amefunga?"

"Mimi."

"Wewe ni muuguzi?"

"Wa ng'ombe."

Alifikiri nimechanganyikiwa kwa mshtuko, akaagiza nipimwe kichwa pia. Kichwa kilikuwa kizima. Kifundo cha mkono wangu kilikuwa na ufa, nikawekewa hogo la plasta. Mzee Petro alikuwa amevunjika mifupa yote miwili chini ya goti.

Jioni alifika mke wake. Nilisimama, nikamwamkia, nikamwambia mimi ndiye. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote. Alinitazama mkono, akamtazama mumewe, akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Karanga bado ziko ardhini," alisema. Hakuwa ananiambia mimi. Alikuwa anahesabu siku. "Udongo unakauka. Wiki moja, hazing'oki tena. Nitazing'oa na nani?"



Ushirombo hadi Katoro

Asubuhi nilikwenda kwa fundi aliyeletewa piki yangu, kijana mnene anaitwa Deo. Alikuwa ameshafungua habu. Hakunihubiria. Alinionyesha tu.

"Hii ni lainingi, ndiyo inayosugua. Hiki ni chuma chake. Vinashikana kwa gundi. Tazama hapa." Ule mkate mweusi ulikuwa umebanduka mzima, ukavunjika vipande viwili, na kimoja kilikuwa kimejibana kati ya chuma na ngoma inayozunguka na tairi. Chuma chenyewe kilikuwa safi kama sahani iliyolambwa. "Hii gundi ilikuwa inashika mzigo mdogo tu. Imepata moto, imeachia."

"Nifungie," nikasema.

"Nikufungie mpya?"

"Nifungie hii kwenye karatasi."

Nilipanda gari dogo la abiria hadi Katoro, mchele ukiwa nyuma ya gari, hogo limening'inia shingoni na kifurushi mapajani. Nilikuwa nimempigia kaka nikamwambia nimeanguka, nimeumia mkono, mengine nitakuja kusema. Njia nzima nilipanga maneno. Nilipanga makali, nikayapunguza, nikayaongeza tena. Sikutumia hata moja.

Duka la kaka liko karibu na soko, na lilikuwa limejaa. Aliruka kaunta aliponiona, akanishika bega, akaniuliza maswali matano kwa mpigo, akanikalisha kwenye kiti chake. Halafu, kwa kuwa wateja walikuwa wanangoja, akasema, "Nisubiri kidogo dada, niwamalize hawa."

Mteja aliyefuata alikuwa dereva wa bodaboda. "Nipe breki shuu za nyuma."

"Unataka ngumu au ya kawaida?"

"Kawaida, bosi. Hali unaijua."

Kaka akanyoosha mkono rafu ya chini bila kutazama. Ilikuwa plastiki ileile inayong'aa.

Niliinuka, nikafungua kifurushi changu juu ya kaunta. Vipande vyeusi na chuma kitupu. Dereva akavitazama, nami nikamwambia, "Hii ina siku tano." Dereva akarudisha ile aliyopewa, taratibu kama mtu anayerudisha mtoto wa mwenzake, akaondoka. Kaka akafunga nusu ya mlango.

"Umeitoa wapi?"

"Kwenye tairi langu. Imemvunja mguu mzee wa watu."

Alichukua kipande kimoja, akakinusa, sijui kwa nini. Halafu akaanza kujitetea, na lazima niseme hakujitetea kijinga.

"Vero, sikiliza. Huyu aliyetoka hapa, unadhani amekwenda kununua ngumu? Hana. Atarudi barabarani na ile iliyokwisha, chuma kwa chuma, na abiria wawili nyuma. Hiyo nayo ni breki? Mimi nikiacha kuuza hizi, hawa wote hawawi matajiri. Wanaendesha tu bila kitu. Na kwa miaka yote sijaletewa hata moja imefanya hivi."

"Aliyevunjika anarudi dukani kukuletea?"

Alikirudisha kile kipande kwenye karatasi.

Sikuwa na jibu la zile hoja zake, na mpaka leo sina lote. Lakini kupitia nusu ya mlango iliyobaki wazi niliona pikipiki yake imeegeshwa kivulini.

"Ile yako," nikamuuliza, "umefunga ipi?"

Aliangalia nje.

"Ile ngumu."

"Na mimi?"

"Nilijua unazunguka Songwa tu. Unachanja kuku, mwendo wako mdogo. Nilisema kwa wewe inatosha." Sauti yake ikashuka. "Sikuwaza vibaya, dada."

"Ni wewe uliyeniambia nije nayo Katoro."

Hapo ndipo alipokaa, si kwenye kiti, chini, ameegemea rafu. Kaka yangu ana miaka hamsini na mbili. Sikuwa nimemwona amekaa chini hivyo tangu baba alipofariki.

Jubilei ilifanyika Jumamosi. Misa ilikuwa nzuri, wifi alipendeza, mchele wangu ulipikwa ukasifiwa. Watu waliniuliza habari za mkono, nikasema nilianguka. Kaka alipopewa nafasi ya kuongea alimshukuru mkewe kwa maneno manne akakaa, na wageni wakadhani ni furaha imemzidi.

Jumapili jioni alitoa breki shuu zote za rafu ya chini akazitia kwenye gunia. Cheni nyepesi aliziacha. Nilimuuliza mbona cheni anaziacha. "Cheni ikilegea inakwambia," alisema. "Mtu anasimama, anakaza." Sikubishana naye. Na ninyi mnaoniuliza kama vitu vya bei rahisi vinafaa, jibu langu ni hilohilo la duka la kaka: kioo, indiketa, mpira wa kukanyagia, nunueni mpate kuishi. Cheni, mjipime wenyewe. Lakini kinachosimamisha tairi kwa ajili ya mtu mwingine, ambaye hakuwepo dukani mlipokuwa mnachagua, sina tena moyo wa kusema kinatosha.

Kwa Mama Emmanuel

Jumatatu kaka alinirudisha Ushirombo kwa pikipiki yake. Tulimwona Mzee Petro kwanza. Kaka alipiga goti kando ya kitanda akasema yeye ndiye mwenye breki. Mzee hakuelewa. Alidhani kaka ni fundi aliyeifunga vibaya, akaanza kumfariji kwamba hata mafundi wakubwa hukosea. Ilibidi nieleze upya. Mzee alisikiliza, akafunga macho.

"Kwa hiyo uliuza," alisema.

"Nilitoa zawadi, baba. Kwa dada yangu."

"Lo." Halafu akasema kama watu wana nguvu ya kupiga magoti hapa, shambani kwake kuna kazi inayofanana na hiyo.

Tulikwenda. Mama Emmanuel alikuwa peke yake katikati ya mistari, ameinama. Kaka alivua viatu vya mjini akaanza kung'oa pembeni yake bila kuulizwa. Udongo ulikuwa umeshakaza. Mimi nilikaa kwenye kivuli cha kibanda nikichambua karanga kwa mkono mmoja, kazi ya polepole sana. Hatukuzungumza mambo makubwa. Saa sita Mama Emmanuel alileta maziwa ya mgando na viazi, tukala sote tumekaa chini, viganja vya kaka vikiwa vimechubuka.

Ndipo mama yule alipomuuliza, "Baba, huko Katoro unafanya kazi gani?"

Nilijua mumewe hajamweleza. Kaka naye alijua. Alisafisha koo.

"Nina duka la spea. Ni mimi niliyempa dada breki zilizovunjika."

Mama Emmanuel alimtazama kwa muda, akitafuna. Nilingoja ainuke. Alimeza, akaifuta mikono.

"Za baiskeli huna?"

"Za baiskeli?"

"Tairi la mbele, rimu yake imepinda. Na vile vimpira vya breki. Mzee akipona ataipanda, na mimi kabla yake nataka kupeleka hizi karanga." Akaongeza haraka, kwa aibu kidogo, "Si lazima nzuri sana. Zile za bei rahisi. Hatuendi mbali."

Kaka aliinamisha kichwa. Nilimwona anazitazama karanga zilizo mbele yake kama mtu anayesoma.

"Za bei rahisi sina, mama," alisema.

Alikuwa nazo. Niliziona mwenyewe, zimening'inia kwa misumari nyuma ya kaunta. Uso wa Mama Emmanuel ulishuka.

"Basi, si neno," alisema. "Kesho ni gulio. Hapo huwa hazikosekani."

"Gulio linaanza saa ngapi?"

"Wenye vitu wanapanga saa mbili."

Kaka alimaliza mstari wake, akavaa viatu, akaondoka kwenda Katoro jua likiwa bado kali. Mimi nilibaki, nikalala pale. Asubuhi Mama Emmanuel alikuwa ameshafunga khanga ya pili na kuweka pesa yake kwenye fundo, ananiuliza kama nitakunywa uji kabla hajatoka, tuliposikia piki inaingia uani. Ilikuwa saa moja. Kaka alikuwa mwekundu kwa vumbi mwili mzima, na mgongoni, amejifunga kwa mpira wa tyubu, alikuwa amebeba rimu nzito ya baiskeli.